Bwana Marhoon na Mzinga Uliovishwa Koti

Tarehe 30 Aprili 1970 Bwana Marhoon bin Bakhit anakabidhi funguo za ghala letu la hapa Matrah, Omani, baada ya kuzishika miaka ishirini na sita. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa mashine ya chapa iko chumbani kwangu, juu ya ghala, na dirisha langu linatazama uani. Mengi ya haya nimeyaona kutoka hapo.

Alifika kutoka Unguja mwaka 1944, na baridi ya huku hajaizoea mpaka leo. Kila Disemba huja kazini na makoti mawili. Kwa kazi hana mpinzani: hulipiga gunia kofi moja akajua kama mchele umeloa, na mahamali waliowahi kushindana naye wameshaacha.

Mwaka 1968 mteja wa Rustaq alimletea mizinga mitatu ya magogo ya mtende. Akaipanga uani, akatangaza kwamba akistaafu atahamia kwenye shamba lake dogo la Sib afuge nyuki. Majira ya baridi yale mizinga miwili ikafa. Bwana Marhoon alisema ni baridi, na hakuna aliyembishia.

Basi mwaka uliofuata mzinga uliobaki aliufunika mablanketi mawili, na juu yake koti lake la pili. Kufika saa nne asubuhi nyuki walikuwa wamening'inia mlangoni mwa mzinga kama ndevu, wanajipepea. Yeye alidhani wanamshukuru.

Januari nyuki wakaingia ghalani, moja kwa moja kwenye sukari, na mahamali wakakataa kuingia. Bwana Mahfoudh, mwenye ghala (ni baba yangu, lakini hapa namwita kama mnavyomwita), akalalamika kuwa sukari inaibwa.

"Mimi nna nyuki, Mahfoudh, sina wezi," alijibu Bwana Marhoon.

Akapewa siku saba: wakionekana tena kwenye sukari, mzinga utatupwa wadini, kule kwenye bonde kavu la mto.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne Thabit, mpika kahawa wetu, mzaliwa wa Nakhal, alisimama mbele ya mzinga akalitazama lile koti kwa muda mrefu.

"Anayeona baridi ni wewe, ndugu yangu," alisema. "Wao wana njaa."

Akaeleza kwamba mikunazi imeshamaliza maua na misamuri, ile migunga ya milimani, bado haijachanua. Katikati hapo nyuki hula asali yao wenyewe, na asali yao Bwana Marhoon alikuwa ameshaikamua yote akatugawia sisi.

Siku ile ile tende zetu za kahawa zilichukuliwa. Zilichemshwa, zikawekwa uani kwenye sinia, na vijiti juu yake ili nyuki wasizame. Wiki nane tulikunywa kahawa bila tende, na kila aliyenung'unika alionyeshwa mzinga. Bwana Mahfoudh naye alizipeleka zake kwa siri, akidhani hakuna aliyemwona. Sukari haikuguswa tena.

Mwisho wa Machi misamuri ikachanua. Nyuki wakaongezeka hata wakagawanyika, na sasa mizinga ni miwili. Yote inakwenda Sib Ijumaa. Asali hakukamua hata kijiko, wala sisi hatukuomba.

Ami Marhoon, ahsante kwa miaka yote na kwa asali tuliyokula bila kujua ni ya nani. Mungu akujaalie afya na utulivu huko Sib. Wafanyakazi wamekuchangia blanketi jipya la sufu. Tunakuomba, Disemba ikifika, ujifunike mwenyewe.