Kidole cha Kibwana

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilivuka Rufiji kwa mtumbwi wa kivuko, nimebanwa kati ya watu wawili wasiojuana. Bi Mwantumu wa Mbuchi alikuwa na mwanawe, Kibwana. Mzee Mtoro hakuacha kumtazama huyo mtoto.

"Anasoma wapi, mwanangu?"

"Chuoni tu, baba. Kurani."

"Ng'ambo wapiganaji hawaulizi. Wanamwambia mtoto aandike mchangani. Akianzia kulia, ni wa chuoni. Akianzia kushoto, ni wa shule ya Mdachi, na nyinyi wazazi ni watu wa Mdachi."

Bi Mwantumu akashusha sauti. "Huko shuleni wanafundishwa mchangani, kwa kidole, kutwa nzima. Sasa kila akiona mchanga anaandika. Nimemkanya mpaka nimechoka."

"Mtoe."

"Nikimtoa, baba yake anachapwa. Walimchapa juzi, mpaka leo analalia tumbo."

"Mgongo unapona."

"Hukuuuguza wewe."

Mimi, nisiyejua kusoma kwa upande wowote, nilimshukuru Mungu.

Mtumbwi ukagota ukingoni. Wapiganaji waliojifunga mabua ya mtama vichwani walikuwa wakiteremka kutupokea. Kibwana akaruka wa kwanza, akachuchumaa, kidole kikaanzia kushoto.

Bi Mwantumu hakupiga kelele. Alishuka, akaketi juu ya zile herufi kama aliyechoka na safari. Kanga yake haikuzifunika zote. Mzee Mtoro, bado amenuna kwa lile jibu alilopewa, akaenda kukalia zilizobaki.