Tulia na Daraja la Njia ya Mtae

Mchungaji, wazee wa kijiji, wafiwa wenzangu, nanyi majirani mliopanda vilima hivi kwenye matope, mimi Abrahamu Shemhando, kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma habari za maisha yake, nami nitazisoma kama alivyotaka zisomwe.

Marehemu Nikodemo Shemhando alizaliwa hapa Mlalo tarehe 12 Machi 1921, mtoto wa tatu wa Mzee Yosia Shemhando na Mama Marta, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na tarehe 3 Februari 1937 akaajiriwa kutunza farasi kwenye shamba la Mzungu mmoja nje ya Lushoto. Alifunga ndoa na Dorkasi Rubeni tarehe 8 Oktoba 1954, wakajaliwa Yudith, mwaka 1956, na Tobia, mwaka 1959. Mwenye shamba alipoondoka nchini, Agosti 1963, alimwachia marehemu farasi jike wa miaka miwili aitwaye Tulia, naye akamwongoza kwa miguu hadi hapa.

Mwaka 1969, kijiji chetu kilipoanza kazi za ujamaa, Tulia alipangiwa kupeleka dawa Mtae wakati wa masika, gari lisipopita, na marehemu akapewa vijana sita awafundishe kumpanda. Kanuni yake mnaijua: kabla ya kupanda, kijana aweke mkono shingoni mwa farasi, avute pumzi taratibu hadi zilingane na za mnyama, kisha ataje kwa sauti anachoogopa siku hiyo, na asiyetaja hapandi, kwa kuwa hofu iliyofichwa farasi huipata kwenye magoti ya mpandaji. Mbaraka, mmoja wao, alipowahi kusema, "Mwalimu, mimi namwogopa mama, suruali hii ni ya kaka Idi, nimeivaa bila ruhusa," wote walicheka, lakini marehemu alimruhusu, maana ilikuwa kweli.

Tangu masika ya 1971, Tulia alianza kusimama kwenye daraja la miti lililo chini ya Mtae, masikio nyuma, akitetemeka, hata siku za jua. Marehemu alikuwa akishuka na kumvusha kwa mkono, wala hakueleza sababu.

Tarehe 16 Aprili mwaka huu, mvua ikiwa imenyesha siku nne, zamu ilikuwa ya Yudith, binti yake, naye mmoja wa wale sita, akaweka mkono shingoni mwa Tulia, akasema, "Baba, naogopa daraja." Marehemu alimnyang'anya hatamu, akapanda yeye. Mbaraka akamwambia, "Mwalimu, na wewe hujasema." Akajibu, "Mimi siogopi kitu," akaondoka. Alasiri Tulia alirudi peke yake, tandiko limegeukia tumboni.

Tulimkuta chini ya daraja, amevunjika nyonga, akalazwa Lushoto wiki saba na siku kadhaa, akashikwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 9 Juni 1973, saa tano asubuhi. Wiki moja kabla, aliniagiza niwasomee haya: kwamba aliliogopa daraja lile miaka miwili, kwamba alinyamaza akidhani mwalimu mwenye hofu huwanyima watoto ujasiri, na kwamba siku ile Tulia aliposimama, hakushuka, alimpiga visigino ubavuni ili avuke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wale waliobeba machela usiku na mchana, Bwana Athumani anayemlisha Tulia, na vijana wote sita.

Njia bado haipitiki kwa gari, na Yudith amewaambia wazee kwamba keshokutwa atapeleka dawa. Mbao mbili mpya zimewekwa, nimeziona, nyingine ni zile zile. Kwa kuwa kanuni ya marehemu haina mkubwa wala mdogo, nasema mbele yenu: Yudith, mimi baba yako mkubwa naliogopa daraja lile. Ukifika pale, mwanangu, shuka, umvushe kwa mkono.

Nikodemo, mdogo wangu, sasa umekwisha kusema. Lala kwa amani.