Ngozi ya Visima Kumi na Tisa: Maisha ya Mwalimu Yoramu Ndahani, 1875–1916

Wazee wetu, kina mama, walimu mliofika kwa miguu kutoka Mvumi, na ninyi mliobaki nje ya ua kwa kuwa hamkutaka kukanyaga kwa marehemu, familia inawaomba msikilize wote, maana karatasi ni moja na sauti ya msomaji si kubwa. Ilipasa asome mwanawe, Methusela, lakini Methusela alichukuliwa upagazi mwezi Septemba mwaka jana na hadi leo hakuna habari zake, kwa hiyo anasoma mkewe, Ruthu, mkwe wa marehemu, na mtoto aliye mgongoni akilia mtamwia radhi.

Marehemu Mwalimu Yoramu Ndahani alizaliwa Hombolo, mwaka unaokadiriwa kuwa 1875, tarehe haikuandikwa, ila mama yake alikuwa akisema alizaliwa siku ya kupepeta uwele, akafunikwa na makapi kabla hajafunikwa na nguo. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Ndahani, mwenye zizi kubwa, akachunga ndama, kisha akachunga ng'ombe, hadi mwaka 1891 ulipoingia ugonjwa wa sotoka, ukamaliza zizi zima kwa siku kumi na moja, na baba yake akakaa mlangoni mwa zizi tupu, hakula tena, akafa. Marehemu hakupenda kulisimulia jambo hili, lakini familia inalitaja mapema kwa sababu wapo wanaosema mtu huyu hakujua ng'ombe ni nini.

Mwaka 1892 njaa ilimsukuma hadi misheni ya Mpwapwa, akapewa uji kwanza na kitabu baadaye, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1894, na akamaliza masomo ya ualimu mwezi Julai 1899. Huko alikuwapo bibi mmoja mzungu mwenye kitabu cha habari za dunia ya kale, chenye ramani za rangi, naye alimfasiria ukurasa mmoja kila Jumamosi alasiri huku akishona, miaka mitatu, bila kuombwa. Marehemu alikuwa akisema kwamba siku alipoiona Misri imechorwa, nchi nyembamba kama utepe, mto katikati na jangwa huku na huku, alihisi mtu amemchorea kwao.

Alifunga ndoa na Zipora, huyu aliyeketi kichwani pake, tarehe 14 Novemba 1896, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakafa wadogo kwa surua katika juma moja la mwaka 1903, akabaki Methusela.

Tarehe 7 Machi 1904 alifungua shule hapa Msanzo, akiwa na watoto sita na ubao mmoja, na mwaka 1910 akaanzisha darasa la wakubwa, watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita, ambao aliwafundisha historia ya dunia ya kale na jiografia kuliko alivyowafundisha hesabu, jambo ambalo wakuu wake walimkaripia mara mbili. Hakuwa na ramani, kwa hiyo alitumia uwanja wa kupuria uwele, majivu yakawa jangwa, makapi yakawa bahari, na wanafunzi wakasimama wakiwa miji, na waliopita njiani miaka ile watakumbuka sauti yake ikipaa juu ya ua, "Rumi, rudi nyuma, umemkanyaga Misri! Babeli, acha kutafuna, Babeli haikuanguka kwa kula!" Babeli alikuwa Tabu, mwenye tonge la ugali mkononi wakati wote, na hadi leo wenzake wanamwita hivyo. Reli ilipofika Dodoma aliwatembeza darasa zima siku mbili kwenda kuiona, akawaeleza barabara za Warumi wakiwa wamesimama juu ya mataruma, na wakati wa kurudi alimbeba mabegani mtoto aliyeumia mguu, naye akidai kwamba hachoki kwa sababu anabeba nchi ndogo.

Lakini familia haikuja hapa kumsifu tu. Marehemu alikuwa mkali, alipenda kusifiwa, na alipokuwa na jambo kichwani hakumsikia mtu.

Mwezi Julai 1913, akifundisha jinsi Wamisri walivyoishi kwa mto wao, alitaka watoto waone kwamba na sisi tuna mto, huu mto wetu wa mchanga ambao juu ni mkavu na chini una maji, na kwamba watu wetu nao wana werevu wa kuandikwa. Alinunua ngozi ya fahali, akaitandaza ukutani, upande mmoja akachora Misri kwa mkaa na udongo mwekundu, kisha akaigeuza, akaamuru kila mwanafunzi aende kwenye kisima cha kwao, kile kinachofunikwa kwa miiba na mchanga na kunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi, ahesabu hatua kutoka shuleni, aje aseme. Wanafunzi walikuwa ishirini. Sisi wote tunajua kwamba kisima cha mchangani hakitajwi nje ya nyumba, na Mzee Matonya, baba yake Ruthu, alikuja shuleni mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua mgolole, akasema, "Mwalimu, ya Misri fundisha, Misri iko mbali. Maji yetu yaache yalipo." Marehemu akacheka, akamjibu, "Mzee wangu, humu shuleni hakuna mgeni."

Watoto kumi na tisa walileta hatua zao, kila mmoja akachora kisima cha kwao kwenye ngozi na kuziandika hatua kwa mkono wake. Ruthu hakuleta, kwa kuwa baba yake alimkataza, na kwa kuwa aliona haya kusema amekatazwa, akasema amesahau. Marehemu alimpigisha magoti uwanjani, penye jua, tangu asubuhi hadi kengele ya adhuhuri, akawaambia wenzake, "Mtazameni, kila mtu duniani ana mahali pake kwenye ramani isipokuwa huyu," na darasa zima likaimba, "Ruthu hana nchi! Ruthu hana nchi!" Aliyemletea maji ya kunywa katika kata ni Gideoni, mtoto wa Mzee Sila, naye akapigwa fimbo tatu kwa ajili ya maji hayo.

Ngozi ile ilikuwa nzuri, na hapana asiyejua hilo, maana nusu yenu mlikuja kuitazama mkiwatafuta watoto wenu ndani yake. Mwezi Septemba mwaka uleule alipita mkubwa mmoja wa serikali, mtu mpole wa maneno, aliyekaa mbele ya ngozi muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya watoto, akamshika marehemu mkono, akasema hajaona shule kama hii katika bara lote, akaomba kuiazima ili na wengine waione. Marehemu aliikunja kwa mikono yake, akaifunga kwa kamba mpya, na pembeni akaandika, "Kazi ya darasa la wakubwa, Msanzo," akaenda nayo hadi bomani kwa miguu, akarudi akiimba. Tarehe 5 Desemba 1914 alimwoza Methusela kwa yule yule Ruthu aliyempigisha magoti, na siku ya harusi alimwomba radhi mbele ya watu, akasema, "Mwanangu, sasa una nchi, nayo ni nyumba yangu."

Vita vilikuwa vimeanza, na askari walitaka nyama. Tarehe 9 Septemba 1915, wazee wakiwa wamekwisha kuficha mifugo kwenye visima vile kama tulivyoficha zamani zote, kikosi kiliingia Msanzo asubuhi, hakikumuuliza mtu yeyote njia, kikamkamata marehemu kwa kuwa ni mwalimu wa misheni ya Waingereza, kikamfunga mnyororo, na mkuu wao akamvika ile ngozi shingoni, akamtembeza mbele, kutoka kisima hadi kisima, siku tatu, visima vyote kumi na tisa. Marehemu hakuwaonyesha kitu, hapakuwa na la kuonyesha, kila hatua ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa watoto wenu. Lakini kila aliyekuwa juu ya kilima alimwona yeye akitangulia, na ngozi shingoni, na ng'ombe wakifuata nyuma. Kwenye kisima cha saba Mzee Sila alishika kamba ya ng'ombe wake mweupe, hakuiachia, akapigwa risasi hapo hapo, akaangukia ndani ya kisima, na askari mmoja akamwambia marehemu, "Mwalimu, ongeza hiyo nayo kwenye ramani yako." Kisima cha saba kilichorwa na Gideoni.

Vijana walichukuliwa siku hizo kubeba mizigo, Methusela akiwa mmojawao, na marehemu akapelekwa kifungoni, akapigwa viboko ishirini na tano mara nne, akatumikishwa kubeba shehena hadi miguu ikaoza. Tarehe 11 Februari 1916, alipokuwa hawezi kusimama, alitupwa kando ya reli, si mbali na stesheni ya Dodoma, na ngozi ile ikatupwa juu yake, kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Aliyemwokota ni Bwana Abbasi, mchuuzi wa Kondoa, ambaye hakuwa akimjua, akamlaza juu ya punda wake, akamleta siku mbili, na mzigo wake wa chumvi akaubeba mwenyewe kichwani. Walipoingia kijijini marehemu alimsalimu kila aliyemwona, "Mbukwa, mbukwa," na hapana aliyemwitikia, watoto aliowafundisha miji ya Uyunani wakamrushia samadi kavu, ya zamani, maana mpya haipo, na mama mmoja, ambaye familia haimtaji, alitema mate katika kibuyu cha maji alichoomba, kisha akampa. Marehemu alikunywa.

Aliugua siku hamsini. Hakuna mganga aliyekuja, waganga wa misheni walikuwa wameondolewa, na wetu walikataa. Msanzo yote haikuwa na ng'ombe, ninyi mnajua watoto wangapi tumewazika tangu Oktoba, lakini kila asubuhi Ruthu alimletea nusu kibuyu cha maziwa, kama alivyopeleka kwa wachanga wa nyumba sita, na hao wa nyumba sita wanajua, wakae kimya. Kisima cha ishirini hakikuwamo kwenye ngozi. Mahali pake hapatasomwa hapa, wala msiulize. Marehemu, aliyeishi kwa kuuliza kila kitu kiko wapi, kinatoka wapi, kinaelekea wapi, alikunywa maziwa yale asubuhi ya kwanza, akamtazama Ruthu sana, machozi yakamshuka, akafumba macho, na hakuuliza, siku ile wala siku nyingine yoyote hadi akafa.

Alifariki juzi, tarehe 3 Aprili 1916, saa tatu ya asubuhi. Hakuacha usia isipokuwa kwamba Zipora asiombe lolote kwa mtu.

Jana wazee walikaa, wakasema mtu aliyewaingiza askari visimani hazikwi katika udongo wa Msanzo, apelekwe porini kwa fisi, na Mzee Matonya alipowasihi wakasema basi, na achimbiwe, lakini kaburi lichimbwe na mkono wa nyumba iliyoumizwa, na kama hakuna mkono, ni pori. Walijua hakuna. Zipora alikwisha kumfunga kamba ya kubebea, ili atoke naye mwenyewe. Leo asubuhi, jua likichomoza, tulisikia jembe nyuma ya uwanja wa kupuria, tukamkuta Gideoni, mtoto wa marehemu Sila, amekwisha kufika kiunoni. Ruthu alimpelekea maji katika kata, akamwamkia, akamshukuru, naye akasema maneno haya, ambayo familia inayasoma kama alivyoyasema, "Usinishukuru, dada. Sijamsamehe. Fisi wakizoea kula watu wa Msanzo, kesho watataka na watoto wetu." Kisha akanywa maji, akaendelea kuchimba, akapima urefu kwa hatua, kama tulivyofundishwa.

Familia inamshukuru Gideoni hata hivyo. Inamshukuru Bwana Abbasi na mkewe Swaumu, aliyekuwa naye safarini, aliyechana kaniki yake mpya kufunga miguu ya mgeni. Inawashukuru walimu wenzake, na wawili waliofungwa naye wasiorudi. Inawashukuru majirani, na kwa kuwa hapa hatusemi uongo mbele ya maiti, majirani hao ni wanne, nao wanajijua. Na ninyi mliokuja kuhakikisha kwamba amekufa, familia inawashukuru pia, maana mmeongeza watu mazishini.

Desturi yetu ni kumzika mtu katika ngozi ya ng'ombe, na katika kijiji hiki imebaki ngozi moja. Tumemfunga ndani yake tangu alfajiri. Upande wa Misri tumeuacha nje, mnauona, mto na jangwa, na mwandiko wake. Upande wa visima tumeugeuzia ndani, umelala juu ya kifua chake, na hakuna mtu atakayeusoma tena isipokuwa yeye.

Pumzika, Mwalimu, shimo limetosha. Hapa ndipo mahali pako, na hatutapaandika.