Mashini ya Kiprugut na Bangili ya Jerop

Kiti chetu ni taruma kuukuu, gogo la kulalia reli, juu ya mawe mawili, nje ya karakana ya baiskeli ya Wamalwa karibu na stesheni ya Nakuru. Wamalwa tunamwita Spana. Kang'ethe, ambaye hawezi kukaa na habari tumboni, ni Redio. Mimi nabeba mizigo stesheni, wananiita Kuli Mkuu. Chai hutuuzia Jerop, mjane ambaye sote watatu, tusidanganyane, tungependa kumwoa. Lakini wiki hii adhuhuri ikifika anafunga birika. Bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake ilimponyoka ufukoni mwa ziwa akikwangua magadi ya ng'ombe wake, na sasa kila alasiri anashuka huko na Kiprugut, yule aliyepigana vita vya Wazungu kule Bama, aliyenunua mashini ya kutafutia mabomu kwenye mnada wa jeshi kule Gilgil. Roho inaniuma, nasema wazi.

— Jana nimewaona, Redio alianza. Nilikuwa nyuma ya kichaka cha leleshwa.

— Umejificha? nikamuuliza. Mtu mzima na ndevu?

— Nilikuwa napumzika! Sikiza. Kiprugut amevaa vile vidude vya masikio, sanduku ya betri iko mgongoni, anapitisha ile sahani ya mashini juu ya matope. Inalia kila mahali! Anachimba, hakuna kitu. Anachimba tena, hakuna.

— Si nilisema? Spana akafurahi. Mwongo huyo!

— Ati ni magadi. Anamwambia Jerop matope ya chumvi ikilowa inadanganya mashini. Basi akainua sahani shibiri moja, akazungusha kitufe cha mashini mpaka ikatulia, akaanza kutembea pole pole akifuata kamba waliyonyoosha juu ya matope.

— Fundi gani analaumu matope? Mimi baiskeli ikinishinda nalaumu barabara?

— Kila siku, nikamwambia. Na Jerop alikuwa wapi?

— Ameshika kamba upande ule mwingine. Miguu kwa matope. Anacheka.

Mimi nimebeba masanduku ya Wazungu miaka mingi, lakini hakuna lililonilemea kama kile kicheko.

— Mimi najua, Spana akasema. Hiyo mashini ni sumaku. Jerop ana hereni za shaba, ana pini kwa nywele. Anavutwa kidogo kidogo, mwisho anajikuta kwa boma ya Kiprugut na hajui amefikaje.

— Sumaku haivuti shaba, wewe, nikamwambia.

— Ya jeshi inavuta. Inavuta mpaka dhahabu kwa meno!

— Wacha hiyo, Redio akasema. Bangili amezika Kiprugut mwenyewe. Anaisogeza kila siku, ndiyo kazi isiishe.

Hapo nikaona niwashinde wote.

— Nyinyi hamfikiri. Hiyo bangili iko kwa mfuko ya suruali yake! Kwani mashini inalia kila mahali kwa nini? Kwa sababu kila mahali anaenda, anaenda na mfuko yake.

Spana aliniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni mwake.

— Kuli Mkuu, akasema, twende kwa chifu.

Kabla hatujainuka, akatokea Chepkemboi, dada mkubwa wa Jerop aliyekuja juzi kutoka Molo, amebeba birika. Jerop alikuwa amemtuma atuletee chai, asije akasikia tumelalamika.

— Mama, bangili imepatikana? nikauliza haraka.

— Bado. Leo wametoa kijiko na kiatu ya farasi.

Spana akapiga paja. Redio akacheka mpaka akakohoa. Mimi moyo wangu ulipoa kama nimemwagiwa maji.

— Basi si amfukuze! nikasema. Mashini imeshindwa!

— Amfukuze kwa nini? Kesho wanahamia pale kavu, kando ya mawe, mahali magadi haisumbui. Jerop anasema hata bangili isipoonekana, huyu mtu angalau ameinama pamoja naye kwa matope.

Akatumiminia chai, mmoja mmoja, kisha akatutazama bila ubaya wowote.

— Na nyinyi, tangu ipotee, mlitafuta wapi?

Spana akachukua gurudumu ambalo halikuwa na kasoro, akaanza kulizungusha. Redio akaanza habari ya bei ya mahindi. Mimi nilikunywa chai ikiwa moto hivyo hivyo, ikaniunguza ulimi, na wivu wangu wote ukabaki bila pa kwenda. Kutoka kwenye lile taruma letu, ziwa linaonekana.