Aliyetaka Kujua Gari la Karibu Liko Wapi

Ijumaa tarehe 30, saa kumi jioni, Bi Wapi atavua visikizio vya simu na kustaafu, baada ya kukitumikia kikosi chetu cha zimamoto kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Jina lake kamili limo kwenye barua ya ajira, sisi tulishalisahau. Wanaopiga simu ya dharura huanza kwa kusema kinachoungua. Yeye, kwa upole wa mtu anayemjulia hali shangazi yake, huwauliza wapi, na wapi hasa.

Aliletwa chumba cha simu kwa wiki mbili tu, kumshikia zamu mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake alipata mapacha, akaomba kazi nyingine. Bi Wapi akabaki.

Mwaka wake wa nne, karakana ya mbao ilishika moto katika kijiji kilicho kilomita arobaini kutoka mjini. Alituma gari letu kama taratibu zilivyotaka. Lilifika baada ya dakika hamsini, likamwaga maji kwa dakika nane, yakaisha. Mjini tuna mabomba ya zimamoto kila mtaa. Kule hapakuwa na hata moja. Hakufa mtu, ila karakana iligeuka majivu.

Kesho yake seremala mwenyewe alikuja kituoni. Hakuja kugomba. Alieleza kwamba ng'ambo ya mto, kilomita tatu kutoka kwake, kuna kituo cha wilaya jirani, na askari wake walisimama ukingoni wakiutazama moshi. Kisha akamuuliza Bi Wapi, "Mngewapigia, wangekuja?"

Swali hilo lilimnyima raha. Alimwendea mkuu wa kituo wa wakati huo, akaambiwa mto ndio mpaka na kila wilaya huzima moto wake. Akaomba kuuona waraka unaosema hivyo. Makabati yalipekuliwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Waraka haukuwapo. Ilikuwa mazoea tu.

Tangu hapo likizo zake alizimalizia vijijini, akiandamana na mumewe, fundi cherehani, ambaye hudai Bi Wapi alikubali kuolewa naye ili apate wa kumbebea mkoba. Bi Wapi aligundua kwamba huko zimamoto ipo, ila haina sare. Kijiji kimoja kilikuwa na mwashi, walimu wawili na mama muuza maziwa waliokusanyika kila rimu ya gari, kengele yao, ilipogongwa. Kingine kilikuwa na pampu nzuri, lakini aliyeshika ufunguo wa stoo alihama. Shamba kubwa lilikuwa na boza la maji la kumwagilia, nalo halikuwahi kuombwa msaada. Tena mipira ya maji ya vijijini haikuungana na yetu, maana viungo vilitofautiana. Alirudi na kiungo kimoja mkobani ili fundi wetu achonge cha kuviunganisha. Kondakta wa basi alikiona, akashuku kimeibwa.

Akachora chati: kila kijiji, na gari au boza lililo karibu nacho, hata liwe la nani. Mkuu alisita. Alitaka kujua nani atalaumiwa gari la jirani likiharibikia upande wetu.

"Niandike mimi," Bi Wapi akamjibu.

Chati ikasainiwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwezi wa pili, Jumanne saa nne asubuhi, jiko la shule ya bweni lilishika moto, na upepo ukawa unausukuma kuelekea bweni. Bi Wapi alipiga simu nne kabla chai yake haijapoa. Wanakijiji walifika baada ya dakika sita, wakabomoa paa la varanda iliyounganisha jiko na bweni. Boza la shamba likafuata, kisha gari la wilaya jirani. Letu lilipofika, dakika ya thelathini na nane, mipira ilikuwa inakunjwa, na mwalimu mkuu alikuwa anawahesabu wanafunzi tisini na wawili kwa mara ya pili. Wote walikuwapo. Dereva wetu alirudi amenuna kwa kukosa kazi. Bi Wapi akamwandalia chai. Tuseme ukweli, chai yake ni chungu kama shubiri, na dereva aliinywa yote.

Leo wilaya nne zinatumia chati moja. Haijakamilika: vijiji vitatu vya milimani bado viko saa nzima kutoka gari lolote. Mwezi uliopita Bi Wapi alikwea huko na mpokea simu mpya, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana tangi, nani ana ngazi ndefu, nani hushinda nyumbani mchana. Kwenye kijiji cha mwisho alimkabidhi mpokea simu huyo daftari lake la majina na namba, akamwambia, "Hawa sasa ni watu wako."

Bi Wapi, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na safari nyingi na mumeo, safari hizi ziwe za kutembea tu.