Meli ya Mjerumani

Treni ilipoondoka Tabora, Alois, mpishi aliyeketi mbele yangu, alimweleza Bi Eustadia, jirani yake wa safari, kwamba bwana wake Mzungu, aliyekuwa behewa la daraja la kwanza, anakwenda Kigoma likizo, kupiga mbizi kwenye meli ya Mjerumani iliyozama vitani. “Anavaa mtungi wa hewa, mama. Hafi.”

“Nani kakuuliza kama atakufa? Baba yangu alikuwa akitia kuni meli hiyo. Hatukumzika. Leo mtu anakwenda kumchungulia!”

“Anatazama samaki tu, mama.”

“Na samaki hao wamekula nini?”

Sisi wengine tulijifanya tumelala.

Treni iliposimama Kigoma, Bi Eustadia alimshika Alois mkono. “Twende kwa bwana wako. Utamfasiria neno kwa neno.”