Dada Yetu na Hamira Yake

Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, upepo mkavu ulivuma kutwa na kuangusha nguo kwenye kamba. Siku hiyo daktari alimwambia dada yetu akae nyumbani, apumzike. Aliitikia kwa upole. Sisi tuliomjua tulipaswa kushtuka.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1963, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya kona iliyopakana na mfereji wa kiwanda cha nguo. Maji ya mfereji yalibadilika rangi kufuata vitambaa vya siku hiyo. Alipokuwa darasa la tatu alitumbukiza humo shati la shule la mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma haya, aone kama litatoka jekundu. Lilitoka jekundu. Aliyechapwa ni mwenye shati.

Alisoma shule ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1995. Tulifurahi kwamba amemaliza. Tulijidanganya.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya chuo, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye dirisha lisilofungika. Alishughulika na hamira, ndugu ya hii ya mkate, iliyobadilishwa ili ibebe kimeng'enya juu ya ganda lake. Mgeni akiuliza, chakula kilipoa mezani. "Kimeng'enya ni mpishi," alieleza. "Akijifungia jikoni, aliye barazani anakufa njaa. Mimi namtoa nje, namfunga mlangoni asichukuliwe na maji." Mpishi wake alivunjavunja rangi katika maji machafu ya viwanda, na hamira ikakusanywa kwa kazi nyingine.

Lakini hamira hiyo ilikuwa na deko. Ilikuzwa kwa sukari moja, kisha ikahamishiwa sukari nyingine mahali pa baridi, ndipo imtoe mpishi. Kuhamisha huko hakumwachia mtu. Msaidizi wake, mwanamama msomi aliyekaa naye miaka mingi, aliruhusiwa kutazama.

Aliolewa na fundi saa tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji alizoea kusema, "Nilioa mke mmoja, nikakuta ana watoto mabilioni, na wote wanakula kabla yangu."

"Wao hawalalamikii chumvi," alijibiwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mara mbili aliahirisha upasuaji kwa sababu siku iliangukia wakati wa kubadilisha sukari.

"Mama watoto," shemeji alimwuliza, "hamira ikifa si utakuza nyingine?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

Akauliza chai iko wapi.

Alipasuliwa Machi mwaka huu. Madaktari walisema tumechelewa, nasi tukaikubali hiyo "tu" kwa adabu. Alifariki nyumbani alasiri ya Alhamisi, tarehe 13 Juni, akiwa kitini. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wawili, na chupa za hamira ambazo bado zinahitaji kulishwa.

Wengi mmetuuliza kwa nini tulimruhusu kutoka asubuhi ile ya Alhamisi. Hatukumruhusu. Kulipokucha tulikuta kitanda kimetandikwa na viatu havipo. Shemeji alimfuata maabara, maneno yake yamejipanga mdomoni tangu getini.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, mikono mapajani. Msaidizi ndiye aliyekuwa akimimina sukari mpya. Sukari kidogo ikamwagika mezani. Dada alikunja vidole kwenye sketi yake.

"Dada, ndivyo?" msaidizi aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi nimeambiwa nipumzike."

Shemeji alivuta kigoda kingine, akaketi kando yake. Walikaa hivyo mpaka chupa ya mwisho ikafunikwa, naye dada hakugusa kitu. Akamkabidhi msaidizi ufunguo, wakarudi nyumbani.

Tulimwomba apumzike miaka yote hiyo, akatupatia asubuhi moja. Aendelee sasa, kwa amani.